Mackrine na Fremu Saba

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko uani mnaanika kahawa, na wewe dereva wa bodaboda uliyeegesha hapo Bugene unasubiri abiria, habari za saa hizi. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu mmoja tu. Jina lake Mackrine Telesfori. Fundi miwani wa Kayanga. Amefariki akiwa na miaka sitini na moja, na wiki iliyopita tumemzika nyumbani kwao Bweranyange.

Mimi ni Cassian Mwesiga. Na niseme mapema ili msije mkanishtukia: miwani ninayosomea karatasi hii ilitoka mikononi mwake. Fremu yake ni ya zamani kuliko mimi. Alinivalisha akaniambia, "Cassian, usiikalie." Nimeikalia mara mbili. Mara zote mbili aliinyoosha, na mara zote mbili alinisema mpaka nikaona haya mbele ya wateja.

Mackrine alikuwa fundi wa fremu za zamani. Hakuuza mpya. Alikuwa akisema fremu mpya za mnadani hazimalizi msimu mmoja wa kahawa. Basi alipanda bodaboda na kopo la biskuti mapajani, ndani yake kitambaa laini, akazunguka Nyaishozi, akavuka mpaka Kyerwa, akabisha hodi kwa watu. "Shikamoo mama. Hakuna miwani ya zamani humu kabatini, imelala tu?" Akiipata anainunua, anaisafisha, anaifunga skrubu, anaitia lenzi za mtu aliyepimwa macho hospitali. Kazi hiyo aliijulia Mwanza. Alikwenda kule kufagia duka la miwani, akawa anafagia polepole sana karibu na meza ya fundi. Baada ya miaka minne, fundi akiumwa, wateja walikuwa wanamtafuta mfagiaji.

Lakini leo sisimulii miwani yote. Nasimulia miwani moja. Miwani ya baba yake.

Baba yake, mzee Telesfori, alikuwa katekista. Alikuwa haoni mbali. Miaka ya sabini ilikuja misheni sanduku la miwani kutoka kwa wafadhili, na siku moja baada ya misa watu saba waligawiwa fremu za aina moja. Rangi ya kahawia, plastiki nene, na pembeni, pale mkono wa miwani unapoungana na uso wake, misumari mitatu midogo inayong'aa. Watu saba. Fremu saba. Mzee Telesfori alipenda kulisema hilo kama mtu anayetaja mitume. Baadaye alitiwa lenzi zinazomfaa, nene kama kitako cha chupa ya soda, akavaa miwani hiyo hadi siku ya kufa kwake, mwaka 2008.

Mnajua desturi zetu. Mzee akifa, ukoo unamsimika musika, yaani mrithi mkuu, akae pale alipokaa baba. Kaka yake Mackrine, Gaudiosus, ndiye aliyekuwa mtoto wa kiume wa kwanza. Akakalishwa kwenye kigoda. Akapewa mkuki. Kisha mmoja wa wazee akasema macho ya Telesfori yasifumbwe, na Gaudiosus akavishwa miwani ya baba yake. Watu wakapiga vigelegele. Naam, ikawa hivyo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Macho ya Gaudiosus yalikuwa mazima. Alikuwa anaona mbali kama mwewe. Mkivisha macho mazima lenzi za mtu asiyeona mbali, mnampofusha mchana kweupe. Gaudiosus akiivaa ile miwani, njia ilimwelea mbele kama povu. Basi akawa anatembea taratibu, kidevu juu, anapapasa kwa fimbo. Na watu wa Bweranyange walisema nini? Walisema, "Mtazameni. Anatembea kama marehemu baba yake." Walifurahi kweli. Mzee karudi! Na yeye akajivunia, akazidi kuinua kidevu.

Mke wake, mama Celestina, nilimkuta msibani. Alicheka katikati ya machozi. Alisema, "Nyumbani alikuwa anaivua, anachambua maharage, anaona hata kidudu. Akisikia hodi, anaivaa haraka, anakuwa kipofu. Mimi niseme nini? Alikuwa musika."

Mackrine aliliona hilo tangu mwanzo, maana ndiyo kazi yake. Alimwambia kaka yake faraghani, kwa upole. Gaudiosus akajibu, "Hii si miwani, ni kiti. Wewe umeona wapi mtu anabadilisha kiti cha baba yake?" Mackrine akanyamaza. Akanyamaza miaka sita. Na niwaambie, kunyamaza kwa Mackrine hakukuwa kukubali.

Wasikilizaji wapendwa, mwaka 2014 mambo yalibadilika. Kulikuwa na mjane jirani yao, mama Benadeta. Kibanja chake, yaani shamba la nyumbani, kimepakana na cha shemeji yake, Gideon. Wakagombania mpaka. Mpaka wetu huku tunaujua, ni mulamula. Mti unaoupanda leo, wajukuu wanakuja kuulizana juu yake. Palikuwa na mulamula mmoja mkubwa, chini, na mwingine mdogo upande wa juu, uliochipua kutoka kwenye mti wa uzio. Upi ndio mpaka? Ukoo ukasema aitwe musika. Yeye akiwa mtoto alimshikia baba yake jembe siku mpaka ulipopandwa.

Gaudiosus akaja. Siku kama hiyo huwezi kuja bila miwani ya baba. Akasimama, akainua kidevu, akanyoosha fimbo. "Ule pale," akasema. Akanyooshea ule mdogo. Neno la musika ni neno. Mama Benadeta akapoteza mistari miwili ya kahawa aliyoipanda na marehemu mumewe. Hakupiga kelele. Alifunga khanga yake vizuri, akaenda nyumbani.

Mackrine alikuwepo. Alisimama na wanawake pembeni. Aliona kaka yake akinyoosha fimbo kwa kubahatisha. Walipokuwa njiani, wawili tu, akamuuliza, "Kaka, mti ule uliosema, ulikuwa na matawi mangapi?"

"Niliuona."

"Uliuona, au ulisema umeuona?"

Gaudiosus akakasirika. Akamkataza kukanyaga uani kwake mpaka aombe radhi. Mackrine hakuomba radhi. Alikwenda moja kwa moja kwa baba mdogo wao, mzee Elpidius, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Akapiga magoti, akamwamkia, akamwambia ombi lake. Si kuivua ile miwani. Kuibadilisha lenzi tu. Fremu ibaki ya marehemu, lenzi ziwe za aliye hai.

Akamwambia, "Baba mdogo, ukirithi nyumba ya baba yako na kioo cha dirisha kimeingia ukungu, utabadilisha kioo au utakaa gizani kwa heshima?"

Mzee Elpidius si mtu wa kupelekwa na maneno. Akamuuliza, "Na ikivunjika mkononi mwako?"

"Haitavunjika."

"Unajuaje?"

Hakujua. Plastiki ya miaka arobaini ni kitu kingine, wasikilizaji. Imekauka ndani. Ili utoe lenzi ni lazima uipashe moto ilegee, na ukizidisha kidogo tu, inapasuka. Miwani ya musika ikipasuka mkononi mwa binti wa nyumba hiyo, hapo hakuna tena cha miwani wala cha mpaka. Ukoo mzima ungesema amemvunja baba yake.

Akasema, "Sijui, baba mdogo. Nikijua nitarudi."

Hapo ndipo alipokumbuka. Watu saba. Fremu saba.

Mackrine akaanza kuzitafuta fremu pacha za ile ya baba yake. Alitaka kuivunja nyingine kwanza, ikibidi, ili asiivunje hiyo moja. Akaulizia parokiani, akaulizia kwa wazee waliokuwa wanakwaya enzi zile. Moja ilizikwa na mwenyewe. Moja iliungua na nyumba. Mbili zilivuka mto kwenda Uganda na hazikusikika tena. Watu walimwambia, "Mama wee, achana nayo, fremu ni fremu." Anawasikiliza, anashukuru, anapanda bodaboda.

Baada ya mwaka na zaidi akaipata moja Nyaishozi, kwa mjane mmoja, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na rozari. Kahawia, misumari mitatu. Mjane alikataa kuiuza. Mackrine hakubishana. Alikaa, akamenya naye ndizi, akamweleza habari yote, ya kaka na ya mama Benadeta. Yule mama akafikiri, akasema, "Kama ni ya kumrudishia mjane mwenzangu kahawa yake, chukua. Nipe ya sukari."

Mackrine akarudi nayo Kayanga. Pale dukani kwake alikuwa na kikaango cha mchanga safi, mchanga wa mto aliouchekecha mwenyewe. Anaupasha moto, anachomeka fremu ndani, plastiki inalainika kama mhogo uliochemka. Ndivyo alivyofundishwa Mwanza. Ndivyo alivyofanya siku ile. Akaichomeka, akahesabu, akaitoa, akasukuma lenzi kwa kidole gumba. Ikalia. Ta! Ikapasuka katikati, pale puani.

Binti yake, Placida, ambaye sasa ndiye yuko dukani, alikuwepo. Ameniambia, "Mama aliketi chini. Alilia kama amefiwa. Nikadhani sasa ameacha. Akafuta uso, akachukua daftari, akaandika: mchanga ni moto mno."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maombolezo yake yote. Mchanga ni moto mno.

Akavichukua vile vipande akavifanya shule. Alivijaribu kwenye maji. Maji ya vuguvugu, maji ya moto, maji yanayokaribia kuchemka, dakika moja, dakika tatu. Kipande hiki kikakunjika, kile kikakatika. Mpaka akajua: maji ambayo mkono unayavumilia kwa shida, na subira ya kusali Baba Yetu kumi. Kumi, si tisa. Lakini kujua kwenye vipande si kujua kwenye fremu nzima. Alihitaji nyingine.

Nyingine ilikuwa Nkwenda, Kyerwa, kwa mwalimu mstaafu aitwaye Lameck. Tena haikuwa kabatini. Ilikuwa usoni mwake, bado anaivaa.

Mwalimu Lameck alimwambia, "Binti yangu, nimevaa hii zaidi ya miaka arobaini. Uso wangu wenyewe siujui bila hii. Nenda kwa amani." Mackrine akaenda kwa amani. Baada ya mwezi akarudi kwa amani. Mwalimu akamkatalia tena, ila safari hii alimkaribisha chai. Mara ya tatu ilikuwa masika, bodaboda ikazama kwenye tope kabla ya Nkwenda, akavua viatu, akatembea na kopo lake la biskuti kichwani. Alifika amelowa chapachapa. Mwalimu Lameck akamtazama mlangoni, akasema, "Wewe ulisoma shule gani? Walimu wako walipata taabu."

Mackrine akafungua kopo. Alikuwa amemletea fremu kumi na mbili za zamani achague. Akamvalisha moja moja. Alimtazama kwa upande, akagusa nyuma ya sikio, akaona mahali pameota sugu. Sikio la kushoto la mwalimu lilikuwa juu kuliko la kulia, na ile fremu ya misheni ilikuwa imemlalia upande miaka yote. Mackrine akakunja mkono wa miwani ya nane, mara mbili, mara tatu, akamwekea. Ikakaa. Mwalimu akainama, haikuanguka. Akatikisa kichwa, haikuanguka. Akaenda kujitazama kwenye kioo akakaa huko muda mrefu.

Aliporudi akamkabidhi ile ya kahawia. Akasema, "Miaka arobaini naumwa sikio, nilidhani ni umri."

Wasikilizaji wapendwa, miaka mitatu. Mackrine alitafuta miaka mitatu. Ya pili ile aliitia kwenye maji, akasali Baba Yetu kumi, akasukuma. Lenzi ikatoka. Fremu nzima. Akatia nyingine. Nzima. Akarudia mara ishirini, Placida alihesabu. Ndipo akaenda kwa mzee Elpidius, akapiga magoti palepale alipopiga miaka mitatu nyuma, akaiweka ile fremu mbele yake.

"Shikamoo baba mdogo. Sasa najua."

Mzee akaigeuza geuza. Akasema ukoo ukutane.

Ukoo ulikutana Jumapili baada ya ibada. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo. Gaudiosus alikaa kwenye kigoda, kidevu juu, hamtazami dada yake. Wazee wengine walinung'unika. Mwanamke aguse vitu vya musika? Ndipo Mackrine akaomba jambo moja tu. Akamwomba mzee Elpidius avae miwani ya marehemu kaka yake, atembee mpaka mlango wa jiko, arudi.

Mzee akaivaa. Akapiga hatua tatu za heshima. Ya nne akakanyaga mbwa. Akakwepa mbwa, akaukumbatia mgomba. Watu walijizuia kucheka, wakashindwa. Mzee Elpidius amesimama ameshika mgomba kwa mikono miwili, akauliza, "Telesfori alikuwa anaona hivi?"

Mackrine akasema, "Hapana, baba mdogo. Yeye bila hiyo ndipo alikuwa haoni. Ni Gaudiosus ndiye anayeona hivyo."

Kicheko kikakatika. Kila mtu alikumbuka fimbo iliyonyooshwa. Gideon akatazama chini.

Gaudiosus mwenyewe ndiye aliyesema. Sauti ilikuwa ndogo. "Badilisha."

Alikuwa ameshapimwa. Mama Celestina alikuwa amempeleka hospitali kwa siri, kwa kisingizio cha presha. Mbali alikuwa mzima, kusoma ndiko macho yalikuwa yamechoka kidogo. Lenzi zake, juu kioo kitupu cha kutazamia mbali na chini za kusomea, zilikuwa mfukoni mwa Mackrine. Akaomba maji kutoka jikoni, akajaribu kwa mkono wake, akaitumbukiza miwani ya baba yake. Watu wote walisikia midomo yake ikisali. Baba Yetu kumi. Akaitoa. Kidole gumba. Lenzi za zamani zikatoka bila kelele. Zile mpya zikaingia. Akakunja mkono wa kulia kidogo, maana kichwa cha Gaudiosus ni kipana kuliko cha baba. Akamvalisha kaka yake mwenyewe.

Gaudiosus alitazama uani. Akawatazama watu, mmoja mmoja. Akafika kwa mama Benadeta, aliyekaa mwisho kwenye mkeka.

"Mama Benadeta," akasema, "kumbe umekonda hivi."

Akainuka. Fimbo aliiacha kwenye kigoda. Akashuka shambani na ukoo wote nyuma yake, akapita ule mti mdogo wa juu bila kuusimamia, akafika kwenye mulamula mkubwa wa chini, akauwekea mkono. Akasema, "Hapa ndipo nilipomshikia baba jembe. Nilikosea. Nilisema nimeona, na sikuona." Musika kusema hivyo mbele ya watu si jambo dogo. Gideon alinuna mpaka jioni, lakini mistari miwili ya kahawa ilirudi kwa mwenyewe. Mama Benadeta bado yu hai. Msibani alikuja na ndoo ya kahawa ya mistari hiyohiyo. Alisema, "Nimemletea Mackrine. Ningempelekea nani mwingine?"

Wasikilizaji wapendwa, baada ya siku ile watu wengi walileta miwani ya marehemu wao Kayanga. Tena kwa foleni. Mackrine alifanya kazi hiyo mpaka presha ilipomlaza mwezi uliopita. Hakurudi dukani.

Nawaeleza la mwisho, nimeliona kwa macho yangu. Pale kaburini palitokea ubishi mdogo juu ya miwani yake. Ilikuwa ile fremu ya mwalimu Lameck, aliyoivaa mwenyewe tangu siku ile. Wengine walisema azikwe nayo. Wengine walisema avishwe Placida hapo hapo. Gaudiosus akainua mkono. Akaomba maji ya moto.

Alikosea kosea, mikono ya mkulima ni mizito. Lakini alisali Baba Yetu kumi, kwa sauti, na sisi tukaitikia. Lenzi zikatoka. Kabla hajainama akaziinua mbele ya macho yake, akatazama kupitia kwazo. Akasema, "Tazameni. Dada yangu alikuwa haoni mbali kabisa, kama baba. Siku ile ya mpaka, alipokuwa amesimama kule pembeni na wanawake, ule mti asingeuona bila lenzi kama hizi."

Akashuka, akaziweka lenzi juu ya jeneza. Fremu tupu akamkabidhi Placida. Akamwambia, "Hizi za mama yako ameondoka nazo. Wewe nenda kapime zako."

Kwa kaka Gaudiosus na mama Celestina, kwa Placida, kwa mzee Elpidius na ukoo wote wa Bweranyange, sisi wa redio hii tunawapa pole. Poleni sana. Mwenyezi Mungu ampumzishe Mackrine Telesfori kwa amani.

Nanyi mnaonisikia, leo mkizima redio, kila mmoja ajiulize ni lini alisema ameona na hakuona, na ni nani alikonda kwa sababu hiyo. Halafu amwendee, angali yupo kwenye mkeka.

Placida amefungua duka Jumatatu. Nilipita. Amevaa ile fremu ya kahawia, misumari mitatu, na lenzi ni zake.